Fundi Bertila na Amplifaya Iliyokataa Kunyamaza

Ijumaa ya leo, tarehe 30 Novemba 2007, Bi Bertila Luambano, Mkaguzi Mkuu wa Bidhaa za Umeme katika ofisi yetu ya Guangzhou, anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Tandaza kwa miaka thelathini na mitano, miezi saba na siku ishirini na saba. Siku hizo ishirini na saba amezihesabu mwenyewe, na alisema zisipoandikwa hafiki kwenye sherehe.

Wasifu huu ulikuwa uandikwe na Mkurugenzi wetu, Bwana Rashid. Bi Bertila alipopata habari alikataa katakata. Alisema Bwana Rashid atamgeuza mtakatifu, na kwao Songea watakatifu wanatosha, kila kigango kina wake. Akaagiza niandike mimi, Dainess Kalinga wa dawati la nyaraka, kwa sababu moja tu: yeye ni Mngoni na mimi ni Mhehe. Kwa wasiofahamu, babu zetu walipigana vita mpaka wakachoka, na sisi wajukuu tukaachiwa haki ya kusemana vibaya hadharani bila yeyote kukasirika, hata msibani. Huo ndio utani. Ndugu zetu wa Kenya mliomo ukumbini, mkisikia namwita mstaafu wetu majina ya ajabu, tafadhali msije kuamulia.

Aliniwekea sharti moja. Habari za amplifaya ya Kioko ziandikwe zote, bila kupunguzwa. Nilimwambia wasifu ni mahali pa sifa. Akanijibu kwamba sifa zitasomwa kwenye mazishi yake, siku ambayo hatakuwa na nguvu ya kuzisahihisha.

Alizaliwa mwaka 1947, karibu na Songea. Ufundi alifundishwa na bruda mmoja wa misheni aliyekuwa na redio tano za valvu na macho mabovu. Valvu, kwa vijana wa leo, ni zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani, zinazowaka rangi ya chungwa na kuunguza vidole. Bruda alihitaji mtu wa kuona kwa niaba yake, na Bertila alihitaji kisingizio cha kutokwenda shambani. Wakapatana vizuri sana.

Tarehe 3 Aprili 1972 aliingia duka la Tandaza, Kariakoo, wakati huo mlango mmoja na benchi moja. Mwanzilishi wetu, marehemu Mzee Abdulrazak, baba yake Bwana Rashid, alidhani amekuja kuomba kazi ya kupika chai. Bertila akaomba apewe redio iliyowashinda mafundi wote wa mtaa ule. Akapewa. Ilipoanza kuimba, Mzee Abdulrazak alikwenda kupika chai mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumtuma Bertila jikoni. Ndiye aliyetuvusha miaka ya themanini, vitu vilipoadimika madukani, akifufua redio kwa vipuri vya redio zilizokufa. Valvu zake alizihifadhi kwenye trei za mayai, maana mayai yenyewe hayakuwepo.

Mwaka 2001 Bwana Rashid, aliyekuwa amekwisha kurithi kampuni na kuigeuza ya mizigo, alimleta hapa Guangzhou kwa miezi sita ili amkagulie bidhaa za umeme kabla hazijapakiwa kwenye kontena. Miezi sita hiyo haijaisha mpaka leo. Alipanga chumba Sanyuanli, dakika nne kutoka ofisini, na muda wote huo amewasemesha wenye viwanda kwa Kiswahili cha Songea, kwa sauti kubwa, akichanganya na maneno matatu ya Kichina: laoban, yaani bosi, meiyou, yaani hakuna, na bu hao, yaani haifai. Kwa maneno hayo matatu amemaliza mabishano mengi kuliko mimi niliyeisoma lugha hiyo chuo kikuu miaka mitano kwa skolashipu ya serikali. Siku yangu ya kwanza kazini alinishika mkono, akanipeleka mpaka mbele ya bucha fulani inayouza nyama ya mbwa, akaniambia, Mhehe, umefika nyumbani, maana watani hutusingizia Wahehe kwamba tunakula mbwa. Nikajua hapo hapo kwamba tutaelewana.

Kazi yake wote tunaijua. Kila chombo cha umeme kinachotoka viwandani hupita kwenye benchi lake, ghorofa ya sita, kando ya dirisha. Akiridhika, ripoti hupigwa muhuri wa kijani. Asiporidhika hupigwa mwekundu, na mwekundu wa Bertila ulikuwa haujawahi kufutwa hata mara moja. Wenye viwanda walikuwa wakipanda lifti yetu huku wakifuta jasho. Kuna mmoja alileta pasi mia tatu, na kabla lifti haijafunguka Bertila alikuwa amekwisha sema ndani kuna kitu kinaungua. Alikuwa amenusa kupitia mlango.

Ana mambo yake pia. Magauni yake yote ya kitenge yameshonewa mfuko upande wa kushoto, kwa sababu akifungua chombo chenye umeme mkali mkono wa kushoto huuweka mfukoni. Anasema umeme ukitaka kukuua hupita mkono hadi mkono kupitia moyoni, na yeye hauachii njia. Halafu ana kijiti. Ni kimoja kati ya vile vijiti vya kulia, cha mwanzi, alichokichukua kwenye mgahawa wa tambi mwaka ule wa kwanza, na hajakitumia kula hata siku moja. Chakula anakula kwa kijiko chake cha nyumbani anachotembea nacho mkobani. Kijiti ni cha kugongea viungo vya ndani ya redio, kwa kuwa mwanzi haupitishi umeme, na Wachina waliomwona akikitumia hivyo hawakujua wacheke au watoke.

Sasa tuje kwenye amplifaya.

Mwezi wa Septemba mwaka huu alikuja Kioko, mfanyabiashara wa Nairobi anayependa gitaa kuliko biashara. Alikuwa ameagiza amplifaya arobaini za gitaa, za valvu, kutoka kwa Laoban Liang. Karakana ya Liang iko nyuma ya soko, huku huku Sanyuanli. Ina watu kumi na mmoja, na transfoma zake zote husukwa kwa mkono na mkewe, Bi Huang. Mzigo wa Kioko ulikuwa mkubwa kuliko wowote waliowahi kupata. Liang alikuwa amekwisha nunua mbao na spika za zote arobaini, na alichosubiri ni muhuri wa kijani juu ya ile ya kwanza, ya sampuli.

Bertila alifurahi kama mtu aliyekutana na jirani yake wa kijijini ughaibuni. Miaka mingi alikuwa akikagua pasi na redio za plastiki, leo kaletewa valvu. Alifuta benchi, akavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, akachomeka umeme, akachomeka gitaa la Kioko, akawasha. Amplifaya ikanguruma. Juu ya mngurumo ikawa inapasuka-pasuka, na Kioko alipoegemeza mkono kwenye fremu yake ya chuma akaruka nyuma. "Mathe, hii kitu inanishika stima!" akalalamika, akipuliza vidole.

Siku ya kwanza Bertila alishughulikia mipasuko. Alifungua mgongo wa amplifaya, mkono wa kushoto ukaingia mfukoni, na kwa kijiti akaanza kugonga valvu moja moja, taratibu. Ya kwanza haikujibu, ya pili haikujibu. Ya tatu alipoigusa, spika ikalia kama sufuria iliyodondoka. Akaitoa, akaweka nyingine, mipasuko ikaisha. Tukapiga makofi. Tungeachia hapo, lakini mngurumo ulibaki palepale.

Siku ya pili akazigeukia kapasita kubwa, zile zinazousafisha umeme kabla haujafika kwenye valvu, kwa kuwa zikizeeka au zikiwa feki chombo hunguruma. Alizima, akachomoa, akaumaliza umeme uliobaki ndani yake, akabadilisha zote nne. Akawasha. Mngurumo uleule. Akanywa maji, akatukana kwa Kingoni, lugha ambayo kwa bahati mbaya naielewa.

Siku ya tatu alichomoa valvu moja baada ya nyingine ili ajue kelele inaanzia wapi. Alipochomoa ile iliyo karibu kabisa na gitaa, mngurumo ukafa. Kwa hiyo, akatueleza, kelele inaingilia mlangoni, haianzii chumbani. Akagusa kila kiungo kwa kijiti, akalehemu upya vilivyomtia shaka. Akapima ethi ya amplifaya, ule waya wa kijani na njano ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme unaopotea njia, akaukuta mzima. Akapima na tundu la ethi kwenye soketi ya ukutani. Zima pia. Ikabaki sababu moja tu aliyoweza kuifikiria, nayo akaiandika kwenye ripoti: transfoma inavuja umeme kwenye fremu, hatari kwa maisha. Muhuri mwekundu.

Laoban Liang alikuja mchana uleule, mkewe nyuma yake. Nilitafsiri mimi, na sikuipenda kazi hiyo. Liang alisema kwake chombo kile hakitoi hata pumzi. Bertila akasema kwake kuna mashine za kutoboa bati, atasikia nini. Liang akaomba waende wakapime pamoja. Bertila akasema yeye amepima siku tatu. "Bu hao," akamalizia, na Bertila akisema hivyo maombi yamekwisha. Bi Huang aliitazama transfoma yake pale benchini, halafu akavitazama vidole vyake.

Kesho yake Kioko alighairi mzigo wote. Simlaumu, maana hakuna anayempelekea mteja chombo kilichoandikwa hatari kwa maisha. Wiki iliyofuata Liang aliwaambia watu wake kumi na mmoja watafute kazi kwingine, karakana ingefungwa mwisho wa Oktoba.

Amplifaya yenyewe ilibaki ofisini ikizuia mlango wa choo. Hapo akaingia Anita, Mkenya mwingine, anayenunua nguo za watoto soko la Liuhua na kuongoza kwaya yetu ya Jumapili. Kwaya ilikuwa imeharibikiwa na amplifaya yake. "Si mtupee hiyo mmekataa," alimwambia Kioko, "sisi tuko na Mungu." Kioko akaibeba kimyakimya bila kumwambia Bertila, kitu ambacho, naomba ieleweke, ofisi haikiruhusu.

Ukumbi tunaosalia uko barabara ya Huanshi Zhonglu, juu ya mgahawa. Bertila ni Mkatoliki. Huenda misa yake kwanza, kisha hutujia sisi wa madhehebu mchanganyiko, kwa sababu, kwa maneno yake, tunaimba vizuri ingawa tunahubiri vibaya. Jumapili ya tarehe 7 Oktoba alichelewa. Alipoingia, kwaya ilikuwa katikati ya wimbo, Kioko anapiga gitaa macho kayafumba, na gitaa limechomekwa kwenye ile amplifaya.

Wengi mnaikumbuka siku ile. Mama wa miaka sitini alipita katikati ya viti mbio, mkoba ukimpiga kiunoni, akipaza sauti kwamba zima, zima, mtakufa. Mhubiri alidhani ameguswa na Roho akaanza kushangilia. Bertila alifika mbele, akamsukuma Kioko kando, akanyoosha mkono kwenye plagi. Halafu akasimama hivyo hivyo, mkono hewani. Kwaya ilikuwa imenyamaza kwa mshangao, na amplifaya nayo ilikuwa imenyamaza. Taa yake ilikuwa inawaka, sauti imefunguliwa mpaka juu, gitaa limechomekwa, na hakukuwa na mngurumo wowote. Akaweka kiganja chake juu ya fremu ya chuma. Hakikumshika kitu.

Alikaa kiti cha mbele mpaka ibada ikaisha. Wote walikuwa wanamwogopa. Nikaona niifanye ile kazi niliyoachiwa na babu zangu. Nikaketi karibu naye nikamwambia, "Mngoni, mbona chombo hiki kinanguruma kikiwa kwako tu? Labda anayevuja ni wewe." Ulikuwa utani mtupu, naapa. Siku nyingine angenijibu kwa kunitajia mbwa. Siku ile alisema tu, "Labda," akachukua mkoba wake akaondoka bila kunywa chai.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuta benchi limevuliwa kila kitu. Bertila ameketi sakafuni, miguu kainyoosha, na mapajani ana ekstensheni. Mnaijua, ile ndefu ya kijivu iliyotoka ukutani hadi dirishani. Aliitengeneza mwenyewe wiki yake ya kwanza Guangzhou, kwa sababu soketi ilikuwa mbali na plagi za kwetu hazikuingia kwenye matundu ya hapa. Sasa alikuwa ameifungua. Waya wa kijani na njano ulikuwa umekunjwa vizuri na kuzungushiwa utepe, haukufungwa popote. Siku ile ya mwaka 2001 skrubu yake ilipotea, akasema ataufunga kesho.

Redio, simu, televisheni na hata pasi za bei nafuu tunazosafirisha zina plagi za miguu miwili, hazijali ethi, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Lakini kila chombo chenye mguu wa tatu kilichochomekwa kwenye benchi letu kilikuwa hakina pa kuutupa umeme wake, kikawa kinanguruma na kushika watu vidole. Bertila alipima ethi ya amplifaya, akapima ya ukutani. Ya katikati hakuipima, kwa sababu ya katikati ilikuwa kazi ya mkono wake. Mwanafunzi asingefanya kosa la namna hiyo. Mwanafunzi angeanza kwa kujishuku mwenyewe.

Bwana Rashid, ambaye ameniruhusu kuliandika hili huku akitazama pembeni, alitoa ushauri uliotupendeza sote. Tupige muhuri wa kijani, tuseme Laoban Liang amebadilisha transfoma, mzigo uende, na mama wa watu astaafu na jina lake. Wiki saba tu zilikuwa zimebaki. Mimi pia niliona ni sawa, sijitoi. Bertila alituuliza jambo moja: tukisema hivyo, Bi Huang ataamini nini kuhusu mikono yake mpaka kufa? "Mhehe," akaniambia, "twende ukanitafsirie, na usiruke neno."

Tuliwakuta watu wote kumi na mmoja wakimalizia kazi ndogondogo. Bertila aliomba mashine zizimwe. Akasema mbele yao kwamba transfoma ni nzima, amplifaya ni nzima, na kibovu kilikuwa waya alioufunga yeye. Akaitoa ekstensheni mkobani, ikapita mkono kwa mkono. Mwanamke mmoja wa upande wa kulehemu aliangua kicheko, na Bertila akacheka naye. Bi Huang hakucheka. Aliendelea kusuka waya wa shaba, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka akaimaliza transfoma iliyokuwa mkononi. Kisha akaleta mita, akapanga transfoma sita mezani, akamwambia Bertila azipime moja moja na atangaze majibu kwa sauti.

Bertila akapima. Nzima. Nzima. Nzima. Ya sita ilipoisha Bi Huang akaweka ya saba. Nadhani tulifika ya thelathini na mbili, na mimi nilitafsiri neno "nzima" mara thelathini na mbili, ingawa kufikia ya nne kila mtu pale alikuwa amekwisha lijua. Walipomaliza, Bi Huang aliichukua ile ripoti nyekundu, akaikunja, akaifanya kabari ya meza yake iliyokuwa ikiyumba. Kioko alirudisha oda yake siku iliyofuata. Amplifaya zote arobaini zilipita, zikaondoka kwa kontena la Novemba, na hakuna aliyetafuta kazi kwingine.

Ningependa kuishia hapo, lakini nimekatazwa. Bertila alirudi ofisini, akashusha majalada ya miaka sita, akatafuta kila ripoti nyekundu ambayo sababu yake ilikuwa mngurumo au kushika vidole. Mbali na ya Liang zilikuwa saba. Basi wiki zake za mwisho, ambazo wastaafu wengine wangezimaliza kwa kununua zawadi na masanduku, yeye alizitumia kutembelea viwanda saba akiomba radhi. Mmoja alitukaribisha chai. Mmoja alikuwa amesahau kabisa, akadhani tumekuja kuagiza mzigo, na ilibidi tumkatalie mara nne. Mmoja alimfokea dakika ishirini, na nilipojaribu kuruka tusi moja Bertila aliona usoni mwa yule mtu kwamba kuna kitu nimekiacha, akanirudisha nikiseme. Wa sita tulimaliza naye katikati ya Novemba.

Wa saba alikuwa Laoban Kuang. Mwaka 2004 alitengeneza miksa, mashine za kuchanganyia sauti za kwaya na bendi, nasi tukaikataa sampuli yake. Karakana ilifungwa mwaka huohuo. Tulimtafuta siku nyingi mpaka tukampata Liuhua, upande wa stesheni ya treni, akiuza soksi kwenye meza ya kukunja. Bertila akazungumza, nikatafsiri. Kuang alikuwa akipanga soksi. Aliacha kupanga, akaniomba nirudie. Nikarudia.

Alisema baada ya ripoti yetu aliifungua ile miksa mara thelathini akitafuta ubovu. Hakuuona, na mwishowe akaamua kwamba ubovu ni yeye, kwamba kazi hii hakuzaliwa nayo. Akauza vifaa vyake vyote. Tangu siku hiyo hajashika pasi ya kulehemu, hata redio ya nyumbani ikiharibika anampelekea mtu. Hakupaza sauti wala hakutukana. Aliuliza tu kama tuna hakika, na Bertila akasema tuna hakika, akalisema kwa Kiswahili, na Kuang akalielewa kabla sijafungua mdomo.

Kwenye basi Bertila alilia waziwazi, mbele za watu. Mimi mtani wake, mwenye ruhusa ya kucheka hata makaburini, nilimshika mkono mpaka tukafika. Sitawadanganya kwamba yote yalitengenezeka, miaka mitatu ya mtu hairudishwi kwa samahani. Lakini kesho yake Bertila alikwenda tena Liuhua, na kesho kutwa, bila mkalimani. Alichozungumza na mtu yule kwa maneno matatu ya Kichina hakuna anayekijua. Nilipomuuliza aliniambia nishughulike na nyaraka zangu.

Nimemfahamu miaka mitano. Amenifundisha kusoma mita, kulehemu, kutomwamini mtu yeyote anayesema hakuna shida, na mwezi huu amenifundisha jambo ambalo sijui kama nitaliweza siku yangu ikifika. Nampenda sana Mngoni huyu, na naliandika hapa kwa sababu usoni mwake siwezi kulisema, angeniuliza nimekula nini.

Lipo la mwisho. Muziki wa sherehe hii utapigwa na Kioko. Nyaya zote za ukumbi huu, spika, soketi na ethi zake zimefungwa na Laoban Kuang, aliyeikunja meza yake ya soksi kwa siku mbili. Ni kazi yake ya kwanza ya ufundi tangu mwaka 2004. Yule pale nyuma, mwenye shati la bluu, anayejifanya hatazami watu. Asubuhi ya leo Bwana Rashid, kwa mazoea tu, alimwomba Bi Bertila apite akague kabla wageni hawajaingia. Bi Bertila alikataa. Alisema hakuna haja, zimefungwa na fundi.

Bi Bertila Luambano, kwa niaba ya wote wa Tandaza, wa hapa na wa nyumbani, asante. Mungu akupe afya, majirani wema na usingizi wa mchana huko Songea, na Wahehe wawe mbali nawe kadiri utakavyoweza kuvumilia. Sasa kaa chini, mtani. Kuang anawasha.